Kima wa Pua ya Manjano

Kama kuna kazi iliyonifundisha kuinama, basi ni ya kuokota mavi ya kima. Kila asubuhi, kabla jua halijakausha umande, niliingia kwenye kipande cha msitu kilichokuwa nyuma ya kambi ya wafanyakazi wa reli, hapa Kamina, kaskazini ya Lubumbashi. Nilivaa glavu, nikatundika mfuko wa vichupa begani na krayoni ya risasi nyuma ya sikio, nikapekua chini ya miti ambayo kima walikuwa wamelala. Mavi yalitakiwa yawe ya moto moto. Nilichukua kipande kama punje ya haragwe, nikakitia kwenye kichupa chenye alkoli, nikaandika jina la msitu na namba ya mti. Niliandika kwa krayoni, si kwa biki, maana alkoli hula wino.

Nikirudi, wanawake waliopanga ndoo bombani waliziba pua na kuniuliza kama leo nimevuna vizuri. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, nina diploma yangu ya sekondari na ulimi ambao mama aliuombea kanisani. Niliwajibu kwamba mavi niliyookota mimi yatapanda ndege kwenda Ulaya, na wao hata Kabongo hawajafika. Walicheka, nami nikapita zangu, nimekasirika hadi shingoni. Nilijua wanachosema: baba wa mtu ni mkuu wa treni, yeye anaokota mavi.

Aliyenipa kazi hiyo alikuwa mwanamke wa chuo kikuu cha Lubumbashi, tuliyemwita mama dokta ingawa hakuwahi kumtibu mtu. Siku ya kwanza alikuja kwetu akaomba sahani zetu zote, akazipanga juu ya kitambaa cha meza. Sahani, alisema, ni misitu, ile midogo inayofuata vijito, ambayo sisi tunaiita mushitu. Kitambaa ni majani. Kima wa mkia mwekundu hapendi kushuka chini na kutembea kwenye majani, kwa hiyo anayezaliwa kwenye sahani hii atafia kwenye sahani hii. Zamani sahani ziligusana. Sasa watu wamelima na kuchoma makaa, na kila sahani imebaki peke yake. Mwishowe kaka anamuoa dada, watoto wao nao wanaoana, damu inakuwa moja, na siku ugonjwa ukiingia unawamaliza wote kwa mpigo. Mavi ya kima hutoka na ngozi kidogo ya matumbo yake, na kwenye ngozi hiyo wenye mashine wanasoma ukoo wote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba arudishiwe sahani zake kwa sababu watoto walikuwa na njaa.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mshahara wa reli ulikuwa haufiki, na watu walikuwa wanaishi kwa kuuza makaa. Chifu wa ardhi alikuwa tayari kuutoa msitu wetu ukatwe. Mama dokta alimwomba asubiri majibu ya vichupa. Kama majibu yangeonyesha kwamba kima wetu wamefungiwa peke yao, kulikuwa na watu Ulaya waliokubali kulipia ukanda wa miti, kutoka msitu wetu hadi msitu mkubwa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Vijana wangepata kazi ya kupanda na msitu wetu ungelindwa. Chifu alikubali kusubiri. Kwa hiyo msitu mzima, pamoja na kima wake, ulikuwa ndani ya mfuko wangu wa vichupa, na mimi nilijua jambo ambalo mama dokta hakulijua.

Lazima nieleze desturi ya kambi yetu. Hapakuwa na nyumba ya reli ambayo haijawahi kufuga kima. Kwenye stesheni ndogo ndogo wawindaji walileta watoto wa kima waliobaki baada ya mama zao kupigwa risasi, wakawabadilisha kwa sabuni au bakuli la chumvi. Papa, ndivyo tulivyomwita baba, ambaye alisafiri kwenye wagoni la mwisho na filimbi yake na bendera nyekundu, alikuwa akirudi na kima ndani ya koti. Wenzake walifanya vivyo hivyo. Sisi watoto tulipiga kelele za furaha na hatukuuliza mama yake yuko wapi. Papa naye hakuuliza. Si jambo la kujivunia, nami silijivunii.

Kima mdogo ni raha tupu. Akifikisha miaka miwili anaanza kuuma. Na hapo ndipo ilipokuwepo sheria ambayo haikuandikwa popote: mnyama aliyekula bukari, ugali wetu, pamoja na watoto haliwi wala hauzwi. Anasindikizwa. Mama alipika bukari na sombe ya majani ya muhogo, tukala sote sahani moja na kima akiwa mapajani kwake, akamtia chumvi kidogo mdomoni, kisha tukambeba kwenye kikapu hadi ukingo wa msitu. Unamweka chini, unageuka, unarudi nyumbani bila kugeuza shingo. Tuliwasindikiza kama mtu anavyosindikiza mgeni. Na kwa kuwa watu wa reli ni wavivu kama watu wengine, kila nyumba ilimpeleka kima wake kwenye msitu ule ule wa nyuma, ili warudi kabla sufuria ya bukari haijapoa.

Wangu nililetewa nikiwa na miaka kumi na miwili, kutoka stesheni moja ya upande wa Kasai. Kima wa hapa ana doa jeupe puani, jeupe kama unga. Huyu doa lake lilikuwa la manjano iliyofifia, kama mtu aliyefuta pua na kitambaa chenye mawese. Alilala ndani ya kofia ya papa. Alipouma sikio la mtoto wa mchungaji, ikawa basi. Nilimbeba mwenyewe, nikamweka chini, na wakati wa kurudi niligeuza shingo. Alikuwa amekaa palepale, ameshika mkia wake kwa mikono miwili. Sikumwambia mtu, maana mama alisema anayegeuza shingo anajifunga na mnyama.

Basi siku moja mama dokta alikuwa anatazama juu kwa darubini yake, akaniuliza mbona wengine pua zao ni za manjano, wametoka wapi. Nikamwambia ni maembe. Wanakula maembe, maji ya maembe yanawaganda puani. Haukuwa msimu wa maembe. Alinitazama kidogo, akaandika kwenye daftari lake, na mwishoni akaweka alama ya kuuliza.

Kwa nini nilidanganya? Nimejiuliza mara nyingi. Mtu angefikiri ni aibu ya wale mama wa kima waliopigwa risasi, na hiyo ilikuwepo, lakini sababu kubwa ilikuwa nyumbani kwetu.

Mwanzoni mwa miaka ile ya tisini, watu wenye asili ya Kasai, mkoa jirani, waliambiwa na wakubwa wa mkoa wetu warudi kwao. Babu mzaa baba aliletwa kutoka Kasai kuja kutengeneza reli. Papa alizaliwa Kamina, akasoma Kamina, akaoa Kamina, na Kasai aliijua kupitia dirisha la treni. Hilo halikumsaidia. Ndugu zake na wake zao na watoto walilala stesheni miezi mingi, chini ya mahema ya gunia, wakingoja wagoni. Siku watu wa mkoa walipokuja na orodha yenye jina la papa, alifunga sanduku moja, akavaa kofia yake ya kazi, akaenda stesheni aliyokuwa akiingia kila wiki kama bwana.

Babu mzaa mama, mwenyeji, Muluba wa kijiji kimoja kwenye barabara ya Kabongo, alikuja kwa baiskeli. Alikuwa mzee mwenye kuheshimiwa mbele ya chifu. Alipita katikati ya watu, akamshika papa mkono, akauinua juu mbele ya wenye orodha.

"Uyu muntu alikulaka bukari kwetu," alisema. "Muntu mwenye kula bukari kwetu, hatumufukuzake."

Nilikuwepo, nimeshika sanduku. Wale watu walinung'unika, wakaangaliana, kisha mmoja akalamba kidole, akafungua karatasi, akakata jina. Baba zangu wadogo hawakuwa na mkwe mwenye baiskeli. Walipanda wagoni, na mmoja hakufika.

Tangu siku hiyo papa alipiga marufuku swali moja ndani ya nyumba yetu: unatoka wapi. Hata ukichelewa sokoni, hakukuuliza umetoka wapi, aliuliza ni nini kilichokuweka. Kwa hiyo mama dokta aliponiuliza kima wale wa manjano wametoka wapi, ulimi wangu ulikimbilia maembe wenyewe.

Vichupa vilipanda treni kwenda Lubumbashi, na kutoka hapo sijui. Kisha vita vikaja kutoka mashariki. Askari wa serikali walipita wakikimbia, wakachukua baiskeli, redio na kuku, pamoja na jogoo wa mama ambaye hakuwa na nyama ya kumtosha mtu mmoja. Nyuma yao wakaja wengine wamevaa buti za mpira, vijana wakondefu wasioijua njia ya sokoni. Nchi ikabadilishwa jina. Redio zilizobaki ziliimba siku nzima, na mimi nilikuwa nawaza mavi. Naona haya kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Chifu alikuwa bado anasubiri, na mashoka ya kambi yalikuwa yameshanolewa.

Mama dokta alirudi baada ya miezi, amekonda, na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Alizikunjua juu ya meza yetu. Papa alikuwa pembeni anatengeneza redio ya jirani.

Alisema msitu wetu mdogo, ule ambao unaweza kuuzunguka kabla chai haijapoa, una damu tajiri kuliko msitu mkubwa ng'ambo ya mto. Ndani yake kuna damu ya kima wa Kabongo, ya wa Bukama, hata ya wa mbali upande wa Kasai. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Banatembea, mwana," aliniambia. "Banapita mu majani. Vitabu byote biko na makosa."

Nikamuuliza, na msitu? Alisema itabidi amwambie chifu ukweli: kima wanaosafiri wenyewe hivyo hawahitaji kupandiwa miti, na wale wa Ulaya hawatatoa kitu. Wakikatiwa hapa watahamia kwingine. Angekwenda kwa chifu baada ya siku nne. Nilimtazama papa. Bisibisi yake ilikuwa imesimama juu ya skrubu, haizunguki.

Siku mbili nilikuwa kama mtu aliyepigwa kichwani. Nikinyamaza, msitu unakatwa kwa sababu ya kima wanaotembea, na hakuna kima hata mmoja aliyetembea. Nikisema, nafuta furaha ya mwanamke ambaye hakunifanyia baya, naanika kambi nzima, na naliingiza tena neno Kasai nyumbani kwa baba yangu, neno nililoliona likimpeleka stesheni na sanduku. Usiku nilijiambia nitasema, mchana nikajiambia sitasema. Mama alipochoka na uso wangu aliniambia nimuulize papa. Nilimkuta anapaka mafuta buti zake, ingawa treni ilikuwa haijapita wiki mbili. Nilimweleza yote, haraka haraka. Hakuinua kichwa.

"Weye njo ulibebaka mavi, mama," alisema. "Weye njo utasema."

Papa aliniita mama kila aliponipenda na kila aliponikasirikia, na siku hiyo sikujua ni ipi kati ya mbili.

Nikaenda kusema. Mama dokta aliniomba krayoni. Tulizunguka kambi nyumba kwa nyumba. Nilidhani watu wataona aibu, kumbe walikuwa wamengoja miaka yote mtu awaulize. Mzee mmoja aliyekuwa akichochea moto kwenye treni za mvuke alitaja kima wake sita na stesheni zao, kama anataja watoto wake na shule walizosoma. Mjane mmoja alilia kwa ajili ya wa kwake kuliko alivyomlilia mume, na majirani wakapeana macho. Kila mmoja alituonyesha pale alipomweka chini na kugeuka. Orodha ilipojaa, mama dokta aliiweka kando ya karatasi zake: Kabongo, Bukama, Kaniama, Mwene-Ditu kule Kasai. Ililingana. Reli ilikuwa imeunganisha sahani zote, na papa na wenzake ndio waliokuwa wakibeba.

Nilifurahi, mjinga mimi. Nilijiambia sasa mambo yamekaa sawa: hawatembei, wamefungiwa kweli, kwa hiyo miti itapandwa. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua moyoni vijana wa kuajiriwa, na wale wa bombani nikawaweka mwisho.

Mama dokta alifunga daftari. Alizungumza na papa, kwa heshima, kama mtoto wa watu. Alieleza kwamba wale wa Ulaya wanalipia kima wa asili ya mahali, damu kama Mungu alivyoiacha. Hawa wamechanganywa kwa mikono ya watu. Ukiwafungulia njia hadi msitu mkubwa, watakwenda kuchanganya na wale wa huko, na kazi yote itaharibika.

"Habako ba hapa, papa," alisema. "Miye sina namna."

Sikuelewa, na hadi leo sijaelewa vizuri. Karatasi ni zile zile. Juzi hawasaidiwi kwa sababu wanatembea, leo hawasaidiwi kwa sababu hawatembei. Yeye mwenyewe alituambia damu moja ni kifo, sasa damu nyingi ni uchafu. Miaka mingi baadaye nilimsikia mtu mwingine wa kazi hizo akisema kuchanganya damu ndiko kunakookoa, na nikatamani kumrushia kitu. Labda wote wana haki. Mimi niliokota tu.

Papa aliondoa kofia yake, akaiweka mezani.

"Balizaliwa hapa," alisema. "Mama zabo bananyonyeshea batoto hapa. Sasa nabo, batabapandisha mu wagoni?"

Mama dokta aliziba mdomo kwa kiganja. Alijua habari za nyumba yetu, kila mtu alizijua. Hakuwa mwanamke mbaya, nataka hilo lieleweke. Aliondoka na treni iliyofuata, akaniachia darubini yake juu ya kitanda, na sikumwona tena.

Siku ya nne papa mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa chifu. Alivaa sare yake yote, akabeba kuku mmoja tuliyekuwa tumemficha askari wasimwone, nami nikamfuata nyuma. Wazee wa baraza walikuwa wamekaa. Alisalimia, akatoa kuku, akasema pesa za Ulaya hazitakuja, kisha akataka kufanya kama alivyofanyiwa na babu, kumshika mtu mkono na kuuinua. Lakini hapakuwa na kima wa kumshika. Basi alishika mkono wake mwenyewe, wa kushoto, akauinua juu.

"Bale makako balikulaka bukari kwetu," alisema. "Muntu mwenye kula bukari kwetu, hatumufukuzake."

Wazee waliangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Hata hivyo kulikuwa na mmoja au wawili ambao kicheko kiliwaishia katikati, kwa sababu walikuwepo stesheni siku ile. Chifu alingoja kicheko kitulie, akauliza kama kima hao wakimaliza mahindi ya watu, nani atajibu. Papa akasema yeye. Chifu akasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, je hawa jembe watalishika kwa mkia? Wakacheka tena. Papa alijibu, bila kucheka, kwamba jembe lao atalishika yeye. Chifu alimtazama sana. Mwishowe alisema msitu ukae mikononi mwa papa mpaka atakapoamua vingine.

Hivyo baba yangu, mkuu wa treni asiye na treni, akawa mlinzi wa msitu. Kila asubuhi alivaa kofia, akachukua filimbi na bendera nyekundu, akazunguka. Akiona mtu na shoka alipuliza filimbi na kunyoosha bendera. Na watu wa kambi, ambao waliishi maisha yao yote kando ya reli, walisimama. Miguu yao ilisimama yenyewe kabla ya akili. Wengine walitukana, lakini walitukana wakiwa wamesimama. Nami nilikwenda na darubini, nikawa namtafuta wa pua ya manjano. Mara ya kwanza nilipomwona, na mtoto ameng'ang'ania tumboni pake, nililia. Sina uhakika kama alikuwa yule wangu, lakini mtoto naye alikuwa na doa lile lile.

Kisha vita vya pili vikaanza. Safari hii havikupita, vilikaa kaskazini yetu miaka. Watu wakaanza kuingia Kamina kwa miguu kutoka upande wa Kabongo na mbali zaidi, wamebeba masufuria na wazee. Shule zikajaa, makanisa yakajaa, na waliokosa nafasi walijenga vibanda kwenye ukingo wa msitu wetu. Mvua zilikuwa zimeanza. Mama alimchukua mwanamke mmoja na watoto wake watatu akawaweka uani kwetu, karibu na jiko, na jioni ya kwanza wakala nasi.

Asubuhi yake mwanamke huyo alikwenda msituni na panga kutafuta kuni na miti ya kibanda. Papa alipuliza filimbi, akanyoosha bendera. Yule mwanamke hakuwa mtu wa reli. Alimwona mzee mwenye kitambaa chekundu, akamsalimia kwa Kiluba, akampita, akaanza kukata. Nilikuwa hatua chache nyuma. Niliona papa anafungua mdomo kumuuliza anatoka wapi, na niliona anaufunga. Alisimama hapo, bendera imenyooka, huku panga likigonga. Kisha mkono ukashuka polepole.

"Papa," nilimwambia, kwa hasira, "utamuachilia?"

Alisema mwanamke huyo alikula bukari kwetu jana. Alisema kama mtu anayesoma kitu asichokipenda. Akakunja bendera, akaitia mfukoni, akaenda kumwonyesha ni miti ipi iliyokauka ili aanze na hiyo.

Nilimkasirikia siku nyingi. Nilimwambia kima walikula kwetu kwanza. Kila asubuhi alikwenda kuwachagulia wakimbizi miti: ile mikavu, halafu ile myembamba, halafu ile ambayo kima hawakulala. Halafu ikabaki ile waliyolalia. Mvua zilipokwisha, ungeweza kusimama upande huu wa msitu ukamsalimia mtu aliye upande ule. Chifu hakuwahi kutuma neno.

Mchana mmoja, kiangazi kilipoanza, tulikuwa tumekaa uani na bukari bila kitu cha kuchovya zaidi ya chumvi. Yule mwanamke alikuja na bakuli mikono miwili, akapiga magoti mbele ya papa kama mkwe, akaliweka chini. Lilikuwa na nyama, na mchuzi. Alisema tumewalisha miezi yote hiyo na yeye hakuwa na cha kurudisha, leo mwanawe mkubwa amepata kitu. Mama aliuliza ni nini.

"Nkima," alisema yule mwanamke, na alikuwa anatabasamu.

Mikono yetu yote ilisimama. Kukataa chakula cha mtu aliyekipata kwa taabu namna ile ni kumtemea mate usoni. Kukila ni kuvunja sheria pekee ambayo papa aliishika maisha yake yote. Papa alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akameza, akashukuru. Akamega la pili. Nyama hakuigusa. Yule mwanamke aliona, na tabasamu lake likaanza kupotea, kwa sababu hakujua amekosa nini. Mimi sikuweza kujizuia. Nilimuuliza pua ya mnyama huyo ilikuwa ya rangi gani.

Alinitazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu wa nyumba ya watu, kwa upole.

"Pua?" alisema, akiniheshimu kama dada mkubwa. "Yaya, tulikuwa na njala. Hatukuangalia pua."

Papa alishusha macho kwenye bakuli. Kisha alichukua kipande cha nyama kwa vidole vyake, akakila, akatafuna taratibu mpaka mwisho, akamwambia mwanamke yule kwamba kimeiva vizuri. Mimi nilikula bukari tupu. Sijui hadi leo ni nani kati yetu wawili aliyekosea.